Kuomba kazi ya msaidizi wa sheria wa jaji wa Wanavaho

Ndugu, nimekuelewa: umehitimu sheria Arizona kwa viza ya mwanafunzi, si Mnavaho (mtu wa kabila la wenyeji wa asili wa Marekani), na unauliza kama Mahakama ya Juu ya Wanavaho, iliyoko Window Rock, makao makuu ya serikali yao, inaweza kukuajiri kuwa msaidizi wa sheria wa jaji. Inaweza, ila sheria yao ya ajira ya 1985 inampa kipaumbele Mnavaho mwenye sifa. Kwa hiyo usitegemee mahakama moja. Makabila yanayotambuliwa na serikali ya Marekani yanapita 570, na mengi yana mahakama zake.

Kinachoangusha wengi ni sampuli ya maandishi unayoambatisha kwenye maombi. Tafadhali usipeleke insha ya darasani kuhusu Katiba ya Marekani! Katiba hiyo haiibani serikali ya kabila moja kwa moja. Haki za mshtakiwa zinatokana na sheria za kabila lenyewe na ile sheria ya Bunge la Marekani ya 1968 kuhusu haki za kiraia za wenyeji wa asili. Andika kurasa 5 hadi 10 juu ya mgogoro halisi, ukitumia kanuni za Wanavaho, hukumu zao, na mila za Diné (jina Wanavaho wanalojiita wenyewe) ambazo Baraza lao lilizitambua kisheria 2002. Hukumu za mahakama za nje ya kabila ziweke mwisho, kwa kuwa mara nyingi hazimfungi jaji.

Uliza pia kuhusu makazi, maana nyumba ni adimu huko.

Kabla ya kusaini, muone wakili wa uhamiaji. Kibali cha kazi baada ya shahada ya sheria kwa kawaida ni miezi 12, na mikataba ya namna hii mara nyingi ni mwaka 1 au 2, hivyo kibali kinaweza kuisha kabla ya mkataba.