Wanaimbaimba au wanaimba, wanaimba?

SWALI: Nimesikiliza Music for 18 Musicians ya Steve Reich, mtunzi wa muziki wa Marekani, ile rekodi ya kampuni ya ECM iliyotoka 1978, nikaandika hivi: "akina dada wanne wanaimbaimba huku marimba zikirudiarudia mdundo." Rafiki yangu kasema hapo nimewaponda wanamuziki. Ni kweli?

JIBU: Kwa upande wa marimba, hapana. Kurudiarudia inategemea nani anasema na kwa nini, mtu akikwambia "unarudiarudia maneno" amekuchoka, ila mwalimu wa kwaya akisema "rudiarudieni mpaka mshike" hajamtukana mtu, kwa hiyo sentensi yako hapo iko sawa.

Shida iko kwenye kuimbaimba. Vitenzi vingi ukivirudia vikashikana hivyo, kitendo kinalegea au kinakosa lengo. Anayetembeatembea hana anakoenda, anayechekacheka hujui kinachomchekesha, na anayeimbaimba ni yule anafua nguo huku anajiimbia tu. Sio vyote lakini, maana ukikatakata nyama lengo unalo kabisa, unataka vipande vingi. Ila imba iko kwenye kundi la kulegea, na wale akina dada hawajalegea hata kidogo! Hawaimbi maneno, sauti zao ni ala kama ala zingine, na pale mwanzo na mwisho wanavuta pumzi wanaipigapiga noti ileile mpaka pumzi ianze kuisha, sauti inakua alafu inafifia, wanavuta nyingine, yani pumzi ya mtu ndo inapima urefu wa muziki, wakati piano na marimba chini yake hazipumziki. Alafu kondakta hakuna. Vibrafoni, ala ya vyuma inayopigwa kama marimba, ndo inatoa ishara ya kuhamia sehemu inayofuata, kama mpigaji mkuu anavyowaita wenzake kwenye ngoma za Afrika Magharibi, na Reich alienda Ghana 1970 kujifunza ngoma hizohizo. Hiyo kazi inakaribia saa nzima na ukizubaa kidogo umepotea, sasa ukisema wanaimbaimba msomaji anapata picha ya watu wanaopoteza muda.

Kiswahili kina njia nyingine, na mimi naipenda sana: rudia kitenzi kizima na kiambishi chake. Wanaimba, wanaimba, wanaimba. Ndo ileile ya kwenye hadithi, "akaenda, akaenda, akaenda mpaka akafika," pale kitendo hakipungui, kinarefuka, na msomaji anausikia muda unavyopita. Ukiandika weka koma katikati, usiunganishe.

Kuna kitu kimoja umekiacha, ile midundo haibaki ilivyo, inajazwa noti hapa na pale mpaka unashtuka imekuwa mingine. Hapo tumia kidogokidogo, iandike neno moja, hiyo hailegezi chochote, inaonyesha hatua kwa hatua. Mimi ningeandika: "Akina dada wanne wanaimba, wanaimba, wanaimba mpaka pumzi inakata, huku marimba zikirudiarudia mdundo unaobadilika kidogokidogo."