Afike Kabla ya Viti

Mwanangu Dama,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Unauliza mtu anayetafuta mkutano wa AA, wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hapo Nairobi aende ule wa Jumanne ulio karibu na nyumbani, au ule wa Jumamosi ng'ambo ya mji, asikojulikana. Umeandika "mtu". Haya. Ni nani, sikuulizi, ingawa ulimi unaniwasha.

Mimi nasema afike kabla ya viti kupangwa. Najua hukuuliza saa.

Mwaka 2004, baada ya yale ya posa ya dada yako (ulikuwepo, siyafukui), mama yako hakunigombeza. Aliichukua mboko yangu, kibuyu cha kunywea pombe ya mnazi, akaifudikiza juu ya kabati, akaendelea kukuna nazi. Siku tatu nikawa naitazama. Ya nne nikaamua kwenda. Kikundi kilikuwepo si mbali na kwetu Changamwe, lakini mimi nikachagua cha Likoni, nivuke feri, aibu niiache upande huu wa maji.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, vyumba viwili vina taa. Nikachungulia cha kwanza: viti duara, watu wameketi, kimoja kitupu. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, umekuja kwa wepi?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kwaya." Akanishika mkono mpaka chumba cha pili.

Dama, niliimba besi saa nzima. Karatasi ya nyimbo ilikuwa inatetemeka mkononi mpaka inapiga kelele. Mwalimu akanisifu mbele ya watu kwamba naimba kwa hisia. Na mama mmoja aliyesimama mbele yangu akavuta leso yake polepole mpaka puani, kwa adabu, nisione. Niliona. Miaka yote hii, nikiikumbuka ile leso, masikio yanapata moto.

Wakati wa kurudi, kwenye feri, mtu akaja kusimama kando yangu. "Besi yako tumeisikia mpaka kule kwetu," akasema. "Wiki ijayo njoo mapema tupange viti." Mtu huyo unamfahamu, amekula kwetu mara nyingi. Jina sitakutajia hata ukinipikia kaimati mwezi mzima. Basi nimevuka bahari kuwakimbia wanaonijua, nikamkuta mmoja wao huko huko!

Wiki iliyofuata nikafika nusu saa mapema. Vile viti vya plastiki vilivyong'ang'aniana, unavuta kimoja vinakuja vitatu. Mtu aliyebeba viti hana mkono wa kutetemeka, na wenzake wakianza kuingia, yeye tayari yumo. Ndiyo maana nasema afike kabla ya viti.

Yule mtu wa kwenye feri ndiye aliyenisimulia habari za Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa AA. Mwaka 1935, Marekani, mji wa Akron, biashara imemharibikia, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli na baa anaisikia pale pale. Akampigia simu mchungaji asiyemjua, akapewa majina, akayapigia moja moja, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akafikishwa kwa daktari mmoja, Bob Smith, naye alikuwa mnywaji hodari. Wakati huo hapakuwa na Jumanne wala Jumamosi ya kuchagua.

Sasa, karibu au mbali? Karibu, kwa sababu kiu haingoji Jumamosi. Lakini mimi mwenyewe huko karibu nisingeenda ng'o. Lakini huko mbali nako nilikimbilia kwaya. Naona nakaribia kukata hukumu, na nilimwahidi mama yako nisikuamulie.

Mengine mafupi. Ada hakuna, mfuko hupitishwa, asiye nacho anaupitisha tu. Atataja jina lake la kwanza, na akitaka kunyamaza, anyamaze. Mikutano iliyo wazi unaweza kumsindikiza hata kama hunywi. Iliyofungwa ni ya wenyewe tu. Ndugu wa mnywaji wana kikundi chao, Al-Anon. Lakini kama ni mtu ambaye asubuhi hatulii mpaka apate glasi, aanze na daktari kwanza, nisikilize vizuri: kukata ghafla kunaweza kuleta degedege, na degedege hiyo huua. Namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Mama yako anakusalimu. Nilipomwambia naenda AA alidhani ni ile ya magari, akawaambia majirani nasomea udereva. Mwezi mzima watu wakawa wananiuliza leseni.

Na mnazi bado upo kwenye kila posa yetu, usidhani watu waliuhamisha kwa ajili yangu. Baba yako mdogo Karisa hunitilia maji ya dafu kwenye mboko ile ile, nainua na wenzangu, wazee wanacheka, nami nacheka.

Huo mkutano wa Jumanne unaanza saa ngapi? Nikipanda treni ya asubuhi nafika mchana. Mgongo umechakaa, lakini viti vya plastiki bado naviweza. Na ukinijibu, usiniandikie "mtu".

Baba yako