Kabla ya kulipia lulu za bahari, tazama tundu

Mdogo wetu alipokuwa anaagwa Moshi, tulichanga tumnunulie mama mkufu wa lulu. Mimi ndiye ninayeishi Arusha, kwenye vito, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Muuzaji akaniambia ni lulu za bahari, nikatoa laki sita, nikashuka Moshi roho kwatu.

Wiki mbili baada ya sherehe uzi ukakatika. Nikampelekea sonara mmoja mzee pale Moshi. Akachukua lulu moja, akasogea dirishani, akachungulia tundu lake kwa lenzi ya kukuza mara kumi, halafu akanipa lenzi.

"Mwanangu, unaona mstari wowote humo ndani?"

Sikuona. Tangu mdomoni mwa tundu hadi ndani kabisa ni weupe uleule wa maziwa.

"Basi hizi si za bahari. Ni za kome wa maji baridi, wale wa mitoni na maziwani."

Nilikaa nikamsikiliza, na tangu siku hiyo nimetazama tundu za lulu nyingi. Lulu za bahari zinazofugwa, kama Akoya za Japani, huanza na kiini: kigololi kidogo kinachochongwa kwenye ganda, mara nyingi la kome wa mito ya Marekani. Chaza, yule kiumbe wa bahari anayeishi ndani ya ganda, hukizungushia tabaka zake zinazong'aa. Kwa hiyo ukichungulia tundu unaona tabaka hizo nyembamba juu, kisha mstari, kisha kigololi chenyewe. Kwenye Akoya unene wa tabaka hizo mara nyingi haufiki hata nusu milimita. Kome wa maji baridi, ambao wengi wanafugwa China, kwa kawaida hupandikizwa vipande vya nyama ya kome mwenzake tu, na mmoja anaweza kubeba lulu hadi hamsini kwa mkupuo. Chaza wa bahari hutoa moja, mbili. Tofauti ya bei inaanzia hapo.

Siku hizi zipo za maji baridi zinazotiwa kiini pia, kubwa na za duara, kwa hiyo ukiuona mstari usiharakishe kulipa. Tazama kamba nzima. Iviringishe taratibu juu ya meza: za maji baridi, hasa za bei ya kawaida, zina kaumbo ka yai au kiazi, na mng'ao wake ni mpole. Akoya nzuri hung'aa kama kioo. Unaona dirisha limechorwa juu yake. Rangi ya pichi, waridi na zambarau nyepesi ni ya asili kwa lulu za maji baridi. Nyeusi ndiyo ya kuichunguza: lulu za Tahiti huwa na weusi wa asili, lakini nyeusi ya maji baridi imetiwa rangi, na mara nyingi rangi hiyo utaikuta imejikusanya kwenye mdomo wa tundu.

Kusugua lulu kwenye jino, wengi wetu tunakujua. Ikikwaruza kama mchanga laini ni lulu, ikiteleza ni plastiki au kioo. Ila za bahari na za maji baridi zote zinakwaruza, kwa hiyo jino halitakusaidia kwenye swali hili.

Tena usidanganywe kwa jina la Zanzibar. Ni kweli upande wa Fumba kuna wanawake wanaofuga chaza wa bahari, na nawaheshimu sana kwa kazi ile, lakini wanachovuna ni nusu lulu, inayoota ikiwa imeshikana na ganda, bapa upande mmoja. Anayekuuzia kamba nzima ya lulu za duara kwa hadithi hiyo, mbane kwa maswali.

Mkufu wa mama si feki. Lulu za maji baridi ni lulu halisi, na kwa kuvaa kila Jumapili mimi ningezichagua hizo, maana ni lulu tupu hadi ndani, hazichubuki upesi. Sonara alizitunga upya, fundo kila baada ya lulu. Kilichoniuma ni bei. Kwa makadirio yake nililipa zaidi ya mara mbili.

Nilirudi dukani Arusha na risiti. Ilikuwa imeandikwa "mkufu wa lulu" basi, sikuwa na la kudai. Sasa kabla ya kutoa hela naomba waandike: lulu za bahari, aina gani, zimetoka wapi. Mmoja alikataa kuandika mwezi uliopita, nikamrudishia kamba yake mkononi.