Jibu: Ben 10, mtoto aanze na ipi?

Dada, umeuliza mwanao wa miaka minane aanze na ipi kati ya katuni za Ben 10. Mpe ile ya 2005, usibabaike. Ben ana miaka 10, yuko likizoni na Gwen, mtoto wa ami yake, na babu yao Max. Saa ya ajabu, ya kumgeuza viumbe wa sayari nyingine, imemganda mkononi, akitaka kugeuka hiki inamgeuza kile. Raha yote imo humo. Mdogo wangu hapa Wete akitoka chuo cha Kurani, kofia bado kichwani, hujipiga kifundo cha mkono akaruka kutoka barazani. Juzi kamwaga uji wa bibi yake.

Mimi ninayoipenda ni Alien Force ya 2008: Ben kafika 15, babu haonekani, na Kevin aliyekuwa adui sasa yuko upande wao. Hadithi inashikana, ila wako bado mdogo kwa hiyo. Omniverse ya 2012 ilibadilisha michoro, na hapo mimi na kaka yangu hatusikilizani mpaka leo. Yeye anasema wameiharibu. Mimi nasema macho huzoea.

Ya 2016 ilianza upya, vipande vifupi vifupi. Inafaa kumtuliza mtoto ukiwa unakaanga samaki, basi.