Kabla hujaamua "kukata utumbo", ujue unakatwa nini

Hapa Dar mtu akipungua uzito ghafla, mtaa mzima unasema amekata utumbo, yaani amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo, mpaka siku nilipokaa mbele ya daktari wa upasuaji nikamwambia, "Dokta, nimekuja kukata utumbo," naye akaniuliza kwa upole, "Kwa njia ipi, mama?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 41, kilo 118, urefu wa sentimeta 162, kisukari cha miaka 6, na pesa niliyoidunduliza kwa muda mrefu. Lakini sikujua hata kama kinachokatwa ni utumbo au mfuko wa chakula.

Naandika kwa ajili ya dada au kaka aliye pale nilipokuwa mimi. Kama unafaa kufanyiwa upasuaji au la, hilo ni la wewe na daktari wako. Nazungumzia swali la pili, ambalo wengi wetu tunalipita mbio: ufanyiwe upi.

Mimi nilishachagua kabla ya kuuliza. Wifi yangu alikwenda India akafanyiwa slivu, upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, na ndani ya mwaka alikuwa amepungua kilo 38. Nilimwona kwenye kitchen party ya binti yetu, nikasema na mimi nataka ileile. Hospitali ya kwanza niliyokwenda haikunizuia. Tulizungumza kama dakika kumi: nikapimwa uzito na urefu, nikapewa karatasi ya gharama, nikaambiwa slivu ndiyo inayofanywa na wengi, nichague tarehe. Ni kweli, slivu ndiyo inayofanywa zaidi duniani siku hizi. Ila hakuna aliyeniuliza kuhusu kiungulia. Miaka ile nilikuwa nalala na mito mitatu, namung'unya vidonge vya kupunguza asidi karibu kila siku, na usiku naamka koo limejaa uchungu. Nilikwisha kuzoea, wala sikudhani ni jambo la kumtajia daktari.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Nilipomwonyesha ile karatasi ya gharama aliisoma mara mbili, akasema, "Mdogo wangu, usikatwe na mtu ambaye hajakuangalia ndani." Ndivyo nilivyofika kwa yule daktari wa pili. Kabla ya kusema lolote kuhusu slivu alinipeleka kwenye kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Zikakutwa habari tatu: njia ya chakula ilikuwa imechubuka kwa asidi, kulikuwa na ngiri pale njia hiyo inapopenya kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na nilikuwa na wale bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori. Bakteria wakatibiwa kwanza kwa dawa. Tarehe yangu ikasogea, nami nikanung'unika. Leo namshukuru.

Alinieleza kwa kuchora kwenye karatasi. Katika slivu, asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa kabisa. Kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana watu waliofanyiwa wanasema njaa yenyewe imepoa, wala si kwamba wanajizuia tu. Utumbo hauguswi. Lakini mrija huo mwembamba una msukumo mkubwa ndani yake, na asidi iliyokosa nafasi hupanda juu. Mtu mwenye kiungulia kama changu anaweza kupungua kilo na akabaki na koo linaloungua maisha yake yote. Wapo wanaorudi mezani kwa upasuaji wa pili kwa sababu hiyo tu.

Njia ya pili aliyonichorea ni baipasi, na humo hakitolewi kitu. Juu kabisa ya mfuko wa chakula hutengwa kifuko kidogo cha ujazo wa kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kisha utumbo mwembamba huunganishwa nacho. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko wa zamani na mwanzo wa utumbo. Kifuko hicho kina asidi kidogo sana, na nyongo inaingilia mbali huko chini, kwa hiyo kiungulia hupungua kwa wengi.

Nilipofika nyumbani nilitafuta kusoma mwenyewe. Madaktari wa Uswisi waliwagawa wagonjwa 217, wengine slivu, wengine baipasi, wakawafuatilia miaka 5, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kwa upande wa uzito, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema hii imeishinda ile. Kiungulia ndicho kilichowatenganisha: kilizidi kwa karibu asilimia 32 ya waliofanyiwa slivu, na kwa asilimia 6 tu ya waliofanyiwa baipasi. Basi nikaona kumbe nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe. Nilikuwa nauliza ipi inapunguza kilo nyingi, wakati kilichopaswa kuniamulia ni magonjwa niliyoingia nayo chumbani kwa daktari.

Nilichagua baipasi. Sasa usinisome nusu ukaenda kuichagua kwa sababu mimi nimeichagua, maana utakuwa umefanya nililolifanya kwa wifi yangu.

Nina shoga yangu mwenye baridi yabisi. Viungo vyake vinavimba, na bila diklofenaki au ibuprofeni asubuhi hawezi kushika hata kikombe. Dawa za jamii hiyo, pamoja na sigara, huleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa, na mtu wa baipasi huambiwa aachane nazo moja kwa moja. Kichwa kikiniuma mimi ni panadoli tu. Kwake yeye, ambaye hana kiungulia wala kisukari, slivu ilikuwa na maana zaidi, na ndiyo aliyofanyiwa. Vivyo hivyo kama unatumia dawa za kila siku ambazo mwili lazima uzipate kikamilifu, za kifafa kwa mfano au ARV, zitaje zote kwa majina, kwa sababu baipasi inaweza kubadilisha jinsi zinavyofyonzwa. Usione haya. Daktari asiyejua unachomeza hawezi kukuchagulia.

Kuhusu kisukari, niwe mkweli. Baipasi inasifiwa, na mimi sindano ya insulini nimeiacha. Lakini katika utafiti uliofanyika Cleveland, Marekani, baada ya miaka 5 waliofikia kipimo cha sukari cha miezi mitatu cha asilimia 6 au chini yake walikuwa asilimia 29 kwa baipasi, 23 kwa slivu, na 5 kwa waliotibiwa kwa dawa peke yake. Ni faida kubwa, ila si wote. Anayekuahidi kwamba kisukari kitakwisha anakuuzia.

Bei ya baipasi unailipa kila asubuhi. Vidonge vya vitamini ni vya maisha: madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, na B12, ambayo mimi nachomwa sindano. Mwanamke anayepata hedhi nzito aliyekwisha kuwa na upungufu wa damu alifikirie hili vizuri, kwa sababu sehemu ya utumbo inayorukwa ndiyo inayofyonza chuma. Slivu nayo inataka vitamini na vipimo vya damu, ila mwili unasamehe zaidi ukiteleza. Kama unakaa mbali na maabara, au unajijua kwamba dozi ya siku tatu ya malaria huwa huimalizi, mwambie daktari hivyo hivyo.

Halafu kuna sukari. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nilikunywa glasi ya juisi ya miwa pale Kariakoo, na kabla sijafika kituoni moyo ulikuwa unakwenda mbio, jasho linanitiririka, miguu haina nguvu. Sukari inapoingia kwenye utumbo kwa kishindo ndivyo inavyokuwa kwa wengi wenye baipasi. Kwangu imekuwa mlinzi, maana soda sizitamani tena.

Puto la tumboni watu wengi wananiuliza, kwa kuwa hata Hospitali ya Mloganzila linawekwa. Halikati kitu: linaingizwa kwa mdomo, mara nyingi linajazwa maji yenye rangi ya buluu, na ukiona mkojo umegeuka rangi ujue limepasuka, ukimbie hospitali. Aina nyingi hukaa kama miezi 6 kisha linatolewa. Kwa mtu wa kilo 118 mwenye kisukari naona ni daraja fupi, kwa sababu likitoka njaa inarudi na wengi huongezeka tena. Kwa mwenye uzito uliozidi kidogo, au anayetakiwa kupungua kwanza ili upasuaji mwingine uwe salama, lina kazi yake.

Kama bado unataka mtoto, uliza mapema. Ushauri wa kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji wowote kati ya huu wa kukatwa, na uzazi wa mpango uupange kabla, kwa kuwa wengi hushika mimba kwa urahisi zaidi uzito unaposhuka, na vidonge vya kumeza huenda visitoshe kwa mwenye baipasi.

Jambo ninalokuomba zaidi ni hili: tafuta daktari anayefanya zaidi ya aina moja. Anayejua slivu pekee, kila mgonjwa atamwona anafaa slivu. Na ukienda nje, India au Uturuki, kabla hujalipa ujue nani huku nyumbani atakupokea ukirudi, nani atakuandikia vipimo vya damu mwaka wa pili na wa tano. Dai ripoti ya upasuaji ikiwa imeandikwa aina gani, tarehe gani, na utumbo umeunganishwa wapi. Mfuko wangu wa zamani bado uko tumboni, lakini kamera ya kawaida haiufikii tena, na daktari wa zamu atakayenipokea usiku nikiwa siwezi kusema lazima alijue hilo. Nakala moja naiweka kwenye pochi, nyingine imepigwa picha kwenye simu ya mume wangu, na ya tatu iko kwa dada.