Sabufa ya Bluetooth inayokataa simu au kukatakata: tafuta kwanza inakwama wapi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba sabufa yako ya sebuleni ilikuwa ikiungana na simu yako bila shida, lakini tangu mdogo wako alipoiunganisha na simu yake, mara inaikataa simu yako, mara inaikubali kisha muziki unakatika hasa nyakati za jioni, na fundi uliyempelekea ameshakwambia ununue ubao mpya wa Bluetooth, yaani kile kibao cha saketi ndani ya sabufa kinachopokea muziki kutoka kwenye simu. Nakuomba usilipe kwanza. Nimetumia spika za aina hii kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na nimesaidia kuzirekebisha za ndugu na majirani zangu, na ninavyoona mimi ubao wa Bluetooth ndio kitu cha mwisho kushukiwa. Nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa ushauri wa kuzima na kuwasha peke yake huliondoa tatizo kwa siku moja tu, kesho yake likarudi.

Katika maelezo yako mna matatizo mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine. Spika kuikataa simu ni jambo la kumbukumbu, na muziki kukatika baada ya kuungana ni jambo la mawimbi ya hewani au la umeme. Mafundi wengi huyachanganya, na ndiyo maana mtu hubadilishiwa ubao na bado akaendelea kulalamika.

Nianze na kukataa. Simu na spika zinapooanishwa, yaani kutambulishana, kwa mara ya kwanza, hutengeneza ufunguo wa siri, na kila upande hubaki na nakala yake. Kuanzia siku hiyo haziulizani tena jina wala ruhusa, bali huthibitishiana kwamba zina ufunguo huo na kuungana. Sasa spika ina nafasi chache za kuhifadhi simu. Nyingi huhifadhi kama 8 hivi, na zile za bei nafuu huhifadhi chache zaidi. Nafasi zikijaa, simu mpya inapoingia ile ya zamani hufutwa kimyakimya, ilhali simu iliyofutwa haina habari, inaendelea kuonyesha jina la spika kwenye orodha yake na kujaribu kuingia kwa ufunguo usiotambulika tena. Ni kama kubadilisha kitasa cha mlango huku mwenzako akiwa bado na ufunguo wa zamani. Kwa hiyo kubonyeza jina lile lile kwenye simu mara nyingi hakusaidii lolote, na kufuta upande mmoja tu mara nyingi hakutoshi.

Futa pande zote mbili. Kwenye simu ya Android ingia kwenye Mipangilio, kisha sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, gusa alama ya gia iliyo karibu na jina la spika, na uchague kusahau kifaa hicho. Kwenye iPhone utagusa herufi i iliyo ndani ya duara. Upande wa spika, vitufe hutofautiana, hivyo angalia karatasi ya maelekezo iliyokuja nayo. Katika spika nyingi ndogo za kuchaji hushikiliwa kitufe cha Bluetooth, au cha kuongeza sauti pamoja na cha kucheza, kwa sekunde kadhaa mpaka taa ibadilike. Katika sabufa nyingi za kuchomeka ukutani, kushikilia kitufe cha kucheza na kusimamisha, kwenye sabufa yenyewe au kwenye rimoti, hukata simu iliyoishika na kuirudisha spika kwenye hali ya kutafuta. Baada ya hapo chomoa waya ukutani, kwa sababu swichi ya rimoti huiacha sabufa ikiwa macho, na ubao wake hauanzi upya. Subiri dakika chache kabla ya kuirudisha.

Kabla ya kuoanisha upya, zima Bluetooth kwenye simu ya mdogo wako. Hili watu hulipuuza, na kwa maoni yangu ndilo linalokusumbua zaidi. Spika ikiwashwa, kitu cha kwanza inachofanya ni kuita au kusubiri simu iliyoungana nayo mara ya mwisho, na spika nyingi hukubali simu moja tu kwa wakati mmoja. Simu ya mdogo wako ikiwa chumba cha pili, hata ikiwa imelazwa kwenye chaji na hakuna muziki unaochezwa, inaweza kuishika spika kabla wewe hujafungua Mipangilio. Taa itakuonyesha: ikipepesa harakaharaka, spika inatafuta mtu, ikitulia na kuwaka moja kwa moja ilhali simu yako haijaungana, ujue kuna simu nyingine imeishika. Katika nyumba za kupanga zenye vyumba vingi simu hiyo inaweza kuwa ya jirani, kwa sababu sabufa nyingi haziulizi namba ya siri, na mbili za aina moja hujitangaza kwa jina lile lile. Kuhakikisha kwamba jina unaloliona ni la sabufa yako, ichomoe ukutani, tafuta upya, na uone kama jina limetoweka.

Mambo mawili madogo katika hatua hii. Spika ya zamani ikiomba namba, jaribu 0000, kisha 1234. Na ukiona majina mawili yanayofanana, moja likianza na herufi LE, chagua lile lisilo na herufi hizo. Hilo jingine ni njia ya matumizi madogo ya umeme ambayo programu ya spika huitumia kwa mipangilio, na ukiunganisha hiyo peke yake unaweza usisikie muziki.

Sasa kukatika kwa jioni. Kipimo cha kwanza hakihusu Bluetooth hata kidogo: chomeka flashi yenye nyimbo kwenye hiyo sabufa na uicheze jioni hiyo hiyo, kwa sauti ile ile. Ikikatika na kwenye flashi, tatizo liko kwenye umeme au kwenye amplifaya yenyewe, yaani sehemu ya sabufa inayokuza sauti, na hakuna mpangilio wowote wa simu utakaosaidia. Isipokatika, tatizo limebaki kwenye mawasiliano, au kwenye umeme unaoulisha ubao wa Bluetooth peke yake.

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, kwa usahihi zaidi kati ya megahezi 2402 na 2480, yaliyogawanywa katika chaneli 79 kwa upande wa muziki wa kawaida. Simu na spika huruka pamoja kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 zinaweza kuzikwepa chaneli zenye vurugu na kubaki na zilizo tulivu. Shida ni kwamba Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inatumia eneo hilo hilo, na ruta moja hukalia upana wa megahezi kama 20 kwa mpigo. Ruta yako ikiwa kwenye chaneli ya 1, ya jirani kwenye ya 6, na ya duka la chini kwenye ya 11, karibu eneo lote limejaa. Mchana watu wako kazini na ruta zinapumzika. Saa mbili usiku kila nyumba inatazama video, na hapo ndipo muziki wako unapoanza kukwaruza. Jiko la maikrowevu nalo hufanya kazi kwenye masafa hayo hayo, karibu na gigahezi 2.45, hivyo kama kukatika kunatokea chakula kinapopashwa moto, umeshapata jibu.

Ningependa ulitazame jambo jingine ambalo ni la kwetu zaidi. Wengi wetu hatuna ruta. Tunanunua bando kwenye simu moja na kuwagawia wengine nyumbani. Simu hiyo hiyo ikiwa ndiyo inayocheza muziki kwa Bluetooth, mnaipa kazi mbili ngumu, kwa sababu katika simu nyingi Wi-Fi na Bluetooth hutumia kijiredio kimoja na mara nyingi antena moja, na ikigawa intaneti kwa gigahezi 2.4 inalazimika kupokezana zamu baina ya kazi hizo. Mtu akianza kupakua faili kubwa kupitia simu yako, spika inakosa zamu na sauti inakatika. Kama mdogo wako hutumia bando lako jioni, basi anza hapa kabla ya kitu kingine chochote: zima ugawaji wa intaneti kwa muda wa wimbo mmoja na usikilize. Sauti ikitulia, ama mtumie simu nyingine kugawa bando, ama uingie kwenye mipangilio ya ugawaji na uchague gigahezi 5, ikiwa simu yako inaruhusu. Vivyo hivyo kwa mwenye ruta ya masafa mawili: hamishia simu na televisheni kwenye gigahezi 5, uiachie Bluetooth ile 2.4.

Mahali ilipo sabufa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Desturi yetu ni kuisukuma nyuma ya televisheni, katikati ya king'amuzi, ruta na rundo la waya, na pengine kuna diski ya nje iliyochomekwa kwa njia ya USB 3, ambayo hutoa kelele za redio kwenye masafa hayo hayo ya 2.4. Isogeze sabufa walau mita moja kutoka hapo, na antena ya ruta isielekezwe mgongoni kwake. Vifaa vingi vya nyumbani vimekusudiwa kufika mita 10 hivi mahali pa wazi. Ukuta wa tofali hupunguza, ukuta wa zege lenye nondo hupunguza zaidi, na mwili wa mtu, kwa kuwa una maji mengi, huzuia mawimbi haya kwa kiasi kikubwa. Simu iliyo mfuko wa nyuma wa mtu aliyeigeukia spika inaweza kukatika hata kwa umbali wa hatua chache, na ile iliyo juu ya meza ikafika hadi barazani.

Upande wa umeme, kipo kipimo kimoja ninachokiamini sana. Cheza wimbo wenye besi nzito kwa sauti ya juu, kisha urudie wimbo huo huo kwa sauti ya chini, simu ikiwa pale pale. Kama muunganiko unakatika besi inapopiga tu, na unasikia ule mlio wa kuungana upya, basi mawimbi hayana kosa; umeme unashuka kila besi inapovuta na ubao wa Bluetooth unazimika na kuwaka tena. Kwa spika ya kuchaji, betri imechoka au adapta ni dhaifu. Kwa sabufa, mara nyingi ni kapasita za upande wa umeme, yaani vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zilizovimba au kukauka, na dalili yake nyingine ni mngurumo wa chini unaosikika hata wimbo ukiwa umesimama. Jioni, umeme wa mtaani unaposhuka kwa sababu ya matumizi makubwa, udhaifu huu hujitokeza zaidi, kwa hiyo neno lako "jioni" linaweza kuelekeza huku pia. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, lakini mwambie akague kapasita kabla ya kugusa ubao wa Bluetooth, na tafadhali usiifungue mwenyewe, kwa kuwa ndani mna umeme wa ukutani.

Kuna sabufa ya jirani yangu ambayo baada ya kurudi kwa fundi ilikuwa inasikia simu iliyo mkononi mwako tu. Ukirudi nyuma hatua mbili, kimya. Ilipofunguliwa, tuliona ule ubao mdogo wa Bluetooth, na pembezoni mwake mstari wa shaba uliopindapinda kwenda na kurudi, ambao ndio antena. Nyaya za spika zilikuwa zimelazwa juu yake na kubanwa na gundi. Zilipoondolewa na kufungwa upande wa pili, umbali wa kusikia simu ukarudi kama zamani, na ubao ukabaki ule ule. Kwa kuwa yako nayo imeshapita kwenye mikono ya fundi, muombe akuonyeshe antena hiyo.

Ikitokea imeungana lakini haitoi sauti, rudi kwenye alama ya gia ya kifaa hicho uhakikishe kwamba swichi ya sauti ya maudhui imewashwa, maana ya kupigia simu ikiwa peke yake muziki hautapita, kisha upandishe sauti kwenye simu na kwenye spika pia, kwani mara nyingi kila upande una kiasi chake. Kwenye baadhi ya kompyuta za Windows, spika inaweza kujitokeza kwa namna mbili, ya muziki na ya mazungumzo. Ukiangukia ya mazungumzo utasikia sauti nyembamba ya simu ya mezani.

Ubao wa Bluetooth utaushuku pale tu ambapo simu mbili au tatu tofauti, zote zikiwa zimefutwa na kuoanishwa upya, zinakatika kwa umbali wa mita moja, kwa sauti ya chini, asubuhi ruta ikiwa imezimwa, na flashi ikicheza bila kasoro. Fanya kipimo cha flashi na kile cha besi jioni ya leo, kisha utuandikie hapa aina ya simu yako, taa ya sabufa inafanya nini inapokataa, na kama bando la nyumbani linagawanywa kutoka kwenye simu hiyo hiyo, ili tujue tuendelee na upande upi.