Kung'oa umeme mkongwe kwenye gari la betri: maswali yenu

Mafundi, habari za kazi. Nina Volkswagen Beetle iliyogeuzwa kuwa ya umeme miaka ya 90, ina betri 20 za volti 6. Nataka kuanza upya. Nikizima swichi naweza kufungua? (Msomaji, Tegeta)

Bado, ndugu yetu. Swichi inakata mkondo, lakini umeme unabaki ndani ya betri. Betri 20 zilizofuatana ni volti 120, na hata zikichoka zinaweza kusoma zaidi ya 100 bila mzigo. Tena umeme huu una ubaya wake: ule wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa betri haupiti sifuri, cheche ikishika inaendelea kuunguza.

Vua pete, saa na cheni. Vaa glavu za mpira za fundi umeme. Zungushia spana tepu, ibaki wazi midomo tu, maana spana tupu ikilalia vichwa viwili vya betri inapiga shoti na kuyeyuka. Chomoa hasi ya betri ndogo ya volti 12, kisha fyuzi kuu. Halafu nenda katikati ya msururu, fungua kiungo kimoja: sasa una nusu mbili za volti 60. Endelea kugawa hadi upate makundi yasiyozidi betri nne, yaani volti 24 au pungufu kila kundi. Hapo ndipo uanze kushusha, tena watu wawili kwa betri moja; nyingi za aina hiyo hukaribia kilo 28.

Nimeshika bodi mkono una jasho, nikapigwa. Si betri hazijaungwa na bodi? (Kigamboni)

Hazijaungwa, lakini mvuke wa asidi, vumbi na unyevu wa pwani vimejenga njia juu ya betri. Kabla ya kugawa msururu, weka mita kwenye DC (umeme wa betri), upime kutoka hasi ya mwisho hadi chesisi. Ikisoma volti 30, gawa kwa 6: kama mvujo ni mmoja, uko karibu na betri ya tano kutoka upande huo. Angalia hapo, mara nyingi utakuta ukoko mweupe wenye majimaji umeshuka hadi kwenye trei. Ukishagawa msururu, osha kwa magadi, yale yale ya kulainishia maharage, vijiko viwili kwa lita ya maji, hadi povu liishe. Vizibo viwe vimefungwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi.

Kontrola (kifaa kinachoongoza mwendo wa mota) imekatwa kwenye kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa umeme), mbona mita bado inaonyesha volti? (Ilala)

Kontakta nyingi za magari hayo zina rezista inayozipita pembeni, inayojaza kapasita (vihifadhi umeme) za kontrola polepole. Ondoa kwanza kebo zote mbili za betri. Kisha gusisha balbu ya wati 100 yenye waya ndani, si ya LED, kati ya chanya na hasi ya kontrola kwa sekunde kadhaa. Pima. Rudia hadi ishuke chini ya volti 5. Usipige shoti kwa bisibisi, utaharibu kapasita na macho.

Mota nayo niuze chuma chakavu, kaka?

Usiiuze! Ndiyo hazina ya gari hilo. Andika alama A1, A2 (vichwa vya sehemu inayozunguka), S1 na S2 (vya koili zilizosimama) kwenye kebo kabla ya kufungua. Ifunge imara sakafuni, unga A2 na S1, peleka volti 12 kwenye A1 na S2 kwa sekunde chache. Usithubutu volti 120 bila mzigo: mota ya aina hii huongeza mwendo bila kikomo hadi vipande vya shaba vinaruka.

Betri zilizokufa?

Mpe mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi, waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira. Zisafirishwe zimesimama. Mnunuzi akitaka umwage asidi mtaroni kwanza ili mzigo uwe mwepesi, mkatalie.